Kipimo na Mchezo: Juu ya Kuwafunza Watoto Wadogo Sauti za Lugha katika Likoni

1. Utangulizi

Katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi, michezo ya lugha ya watoto hupewa mahali padogo, aghalabu mwishoni, baada ya ngano, methali na vitendawili. Huelezwa kwa sentensi mbili tatu: kwamba huburudisha, kwamba hukuza matamshi, kwamba huwaunganisha watoto. Kisha hutolewa mfano mmoja, na mwanafunzi akahamia mada nyingine. Maelezo hayo hayana kosa, lakini ni hukumu iliyotolewa kabla ya shahidi kusikilizwa. Michezo hiyo hukuza matamshi ya sauti zipi? Hukuza kwa njia gani? Na mtoto anayeicheza anajua nini kuhusu lugha yake ambacho hakufunzwa na mtu?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kuitazama michezo ya watoto wa Shelly Beach, katika Likoni, bara ya kusini ya Mombasa, na kuzipima dhidi yake njia mbili za shule: chati ya silabi tuliyoirithi tangu zamani, na mafunzo ya sauti za herufi yaliyoenea katika shule zetu miaka ya karibuni. Dai letu ni moja. Watoto wa pwani huichambua lugha yao kwa kipimo cha silabi, na mara nyingi uchambuzi wao ni sahihi kuliko tahajia tunayowafunza. Shule ya zamani ilikuwa na kipimo hicho bila mchezo. Shule ya sasa yaleta mchezo bila kipimo hicho. Anayepata hasara katika hali zote mbili ni mtoto.

2. Mahali na sauti zake

Shelly Beach ni ufuo wa Likoni, upande wa kusini wa mlango wa bahari unaovukwa kwa feri kutoka kisiwani. Watoto wakutanao hapo maji yanapotoka hawakulelewa katika lugha moja. Wako ambao nyumbani kwao husemwa Kimvita. Wako Wadigo, ambao lugha yao yaendelea kusini hata ikavuka mpaka wa Tanzania. Na wako watoto wa wazazi waliohamia kutoka bara wakitafuta kazi. Lugha ya mchezo, hata hivyo, ni Kiswahili cha Mombasa, na Kiswahili hicho kina tofauti za sauti ambazo msomaji wa tahajia sanifu hawezi kuziona.

Ya kwanza ni mpumuo. Msemaji wa Kimvita hutofautisha kaa, kipande cha makaa, na k'aa, mnyama wa pwani mwenye magando. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga. Ritifaa hapa yaonyesha konsonanti inayotamkwa kwa pumzi. Ya pili ni mahali pa ulimi. Kuteka maji hutamkwa kwa t moja. Kuteka, yaani kucheka, hutamkwa kwa t nyingine, moja ikiwa ya meno na moja ya ufizi. Ni vitenzi viwili ambavyo Mmvita havichanganyi kamwe, ingawa herufi zake ni zile zile. Mtoto wa Kidigo naye huja na sauti zake: kwao maji ni madzi, na tano ni tsano.

Tofauti hizi si ugunduzi wetu. W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, alizitilia alama katika maandishi yake. Na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni wa mji huo, ndiye aliyesaidiana naye katika kuyahifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji. Lakini mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia isiyokuwa na alama hizo. Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa dhuluma. Tahajia nyepesi ina faida zake, na sisi sote twazila. Tunalosema ni kwamba tangu hapo mtoto wa Mombasa aingiapo darasani huacha mlangoni baadhi ya sauti zake, na kwamba sauti hizo hutunzwa zaidi na mambo mawili: mazungumzo ya nyumbani na mchezo.

3. Mchezo kama uchambuzi wa lugha

Tuanze na kinyume, mchezo wenye umri mkubwa kuliko shule zetu nyingi. Edward Steere aliutolea mifano katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja, kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1870. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho ya neno huletwa mwanzo. Bahari huwa ribaha, samaki huwa kisama, ngalawa huwa wangala, kunywa huwa nywaku. Maneno kama dada na kuku hayabadiliki, na jambo hilo huwachekesha watoto, kwa kuwa siri imejifichua yenyewe.

Mhakiki atazame kinachofanyika hapa. Mtoto anayesema wangala hakuikata ng katikati. Anayesema nywaku amezibeba herufi tatu za konsonanti kama mzigo mmoja, akaziweka mwanzo bila kuangusha hata moja. Hapana aliyemwambia kwamba ny ni sauti moja, wala kwamba w yaifuata katika silabi ile ile. Amelijua hilo kwa kulitenda.

Mchezo wa pili ni wa kupachika silabi moja ya siri baada ya kila silabi ya neno, ili asiyejua asielewe. Tuseme silabi ya siri ni za. Mbuzi huwa mbuzaziza. Mbuyu huwa mzabuzayuza. Katika maandishi maneno haya mawili huanza kwa herufi tatu zile zile. Katika mchezo la kwanza lina silabi mbili na la pili lina tatu, kwa kuwa m ya mbuyu ni kiambishi cha ngeli kinachosimama kuwa silabi peke yake, hali m ya mbuzi imeungana na b. Ndiyo tofauti ile ile tunayowaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu kwa neno mbuni: ndege mwenye silabi mbili, na mti wa kahawa wenye silabi tatu. Sisi huifafanua kwa mihadhara. Mtoto huipiga kwa makofi.

Mchezo wa tatu ni wa kuchaguana kwa hesabu. Watoto husimama duara, mmoja wao hutamka maneno ya mchezo huku akimgusa kila mwenzake kwa silabi moja, na yule anayeangukiwa na silabi ya mwisho hutoka. Anayeimeza silabi makusudi ili hesabu impite hupigiwa kelele papo hapo. Wataalamu wa ushairi watautambua utaratibu huu. Mizani ya mashairi yetu ni hesabu ya silabi, na kina ni silabi inayorudi mahali pake. Mtunzi wa tarbia aliyepungukiwa na mizani moja katika kipande cha mizani 8 hukosolewa na watunzi wenziwe kwa hoja ile ile inayotumiwa na watoto hao: umeruka. Basi kipimo cha mtoto na kipimo cha Muyaka ni kimoja, na yamkini sikio la mtunzi huanza kunolewa katika duara kama hilo.

Mwisho ni vitanza ndimi. Hapa mtoto hushuka chini ya silabi, kwa kuwa anatakiwa apambanue konsonanti zinazokaribiana huku irabu zikibaki zile zile. Kitanza ndimi cha Mombasa kinachokusanya kaa na k'aa hakiwezi kuchezwa na asiyeusikia mpumuo. Anayekisoma katika kitabu huona maneno yanayorudiwarudiwa tu, asijue mchezo uko wapi. Na hili ni shtaka juu yetu wanataaluma kabla ya kuwa shtaka juu ya mwalimu wa chekechea: tumevikusanya vitanza ndimi kwa tahajia inayofuta kile hasa kinachoutanza ulimi, kisha tukaandika chini yake kwamba dhima yake ni kukuza matamshi.

4. Kipimo bila mchezo, mchezo bila kipimo

Shule ya kwanza ya watoto wengi wa Likoni ni chuo cha Kurani. Humo herufi hufunzwa pamoja na irabu yake, fataha, kisira na dhuma, kwa mahadhi, hata silabi zikakaa ulimini kabla ya jicho kuzizoea. Chati ya ba, be, bi, bo, bu iliyotundikwa katika madarasa yetu kwa miaka mingi nayo ilikwenda kwa silabi. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Kasoro yake ni kwamba silabi zilikatwa kutoka katika maneno, zikawa wimbo wa kukariri. Kila mwalimu amepata kumwona mtoto ambaye akiulizwa bo hulazimika kuanza ba na kuhesabu kwa vidole mpaka aifikie. Isitoshe, chati hizo zilikomea mara nyingi kwenye silabi nyepesi. M inayosimama peke yake katika mtoto na mchanga haikuwa na chumba chake ukutani.

Mradi wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma nchini Kenya, ulileta utaratibu mwingine. Mtoto hufunzwa sauti ya herufi, sauti huunganishwa ziwe silabi, na silabi ziwe neno. Vipimo vya kusoma vya aina hiyo, pamoja na mambo mengine, huhesabu sauti za herufi ambazo mtoto aweza kuzitaja kwa dakika moja. Hatuna nia ya kuudharau mradi huo. Uliwapa walimu mpango na watoto vitabu, na wala haukuiacha silabi. Tunachokosoa ni mpangilio: silabi imewekwa kuwa matokeo ya kuunganisha herufi, hali kwa msemaji wa Kiswahili silabi ndiyo inayotangulia, na herufi ni kitu kinachopatikana kwa kuivunja.

Mpangilio huo umeshuka hadi chekechea. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 wasifu mchezo, na ni vyema. Lakini mchezo wa sauti unaopatikana kwa wepesi zaidi vitabuni ni ule wa kutafuta picha ambazo majina yake yaanza kwa sauti moja. Mchezo huo una asili yake. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Uingereza walionyesha kwamba watoto wadogo waliofunzwa kupanga picha kwa sauti zinazofanana za majina yake, hasa walipoonyeshwa pia herufi zake, waliendelea vizuri zaidi katika kusoma. Walikuwa watoto wa Kiingereza, lugha yenye maneno mengi mafupi yanayofungwa kwa konsonanti, na yenye irabu ambazo tahajia yake haina msimamo. Mtoto wa lugha hiyo ana haja kubwa ya kuisikia konsonanti ya kwanza ikiwa imetengwa na yale yanayoifuata. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mchezo uliozaliwa katika umbo la lugha moja haupati umbo la lugha nyingine kwa kutafsiriwa majina ya picha.

Tutoe mfano. Mwambie mtoto aunganishe sauti ya n, sauti ya y, sauti ya w na sauti ya a. Aziunganishe atakavyo, hatapata nywa, kwa kuwa ndani ya nywa hamna n wala y. Mna sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili. Mtoto yule yule, akiwa nje ya darasa, ameigeuza kunywa kuwa nywaku bila taabu. Darasani akahesabiwa kuwa ameshindwa.

Utafiti wa nje, ukisomwa vizuri, unatuunga mkono. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake nchini Marekani waliwapa watoto kijiti wagonge meza mara moja kwa kila sehemu ya neno. Karibu nusu ya watoto wa miaka minne waliweza kugonga kwa silabi. Hapana hata mmoja wao aliyeweza kugonga kwa fonimu. Ikiwa ni hivyo kwa watoto wa Kiingereza, ambao silabi zao mara nyingi hazina mpaka ulio wazi, itakuwaje kwa watoto wetu, ambao mipaka ya silabi zao yasikika hata na mgeni?

5. Pingamizi tatu

Yaweza kusemwa, kwanza, kwamba maandishi yetu ni ya herufi wala si ya silabi, na kwamba mtoto asiyeisikia fonimu hataweza kuandika. Ni kweli. Lakini swali si iwapo mtoto aifikie fonimu, bali aifikie kwa njia ipi. José Morais na wenzake, mwaka 1979, walionyesha kwamba watu wazima wa Ureno wasiojua kusoma walishindwa kuongeza au kuondoa konsonanti moja mwanzoni mwa neno, hali wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Maana yake ni kwamba kuisikia fonimu peke yake ni tunda la kujifunza herufi kwa kiasi kikubwa. Si mlango wa kuingilia. Nao Ingvar Lundberg na wenzake, katika programu ya michezo ya lugha iliyofanyiwa watoto wa kisiwa cha Bornholm, Denmark, na kuchapishwa mwaka 1988, walianza na michezo ya kusikiliza na ya vina, wakaenda kwenye maneno na silabi, na baada ya hapo ndipo wakaijia fonimu. Sisi tunaoazima matokeo yao tumeazima ngazi ya mwisho tukaziacha za chini, na ngazi hizo za chini tayari ziko mchangani Likoni.

Pingamizi la pili ni la Kiswahili sanifu. Je, kuzitunza k'aa na kuteka si kuupinga umoja wa lugha? Hatuoni hivyo. Usanifu wetu ulihusu kwanza tahajia, msamiati na sarufi ya maandishi. Hauna kifungu kinachoamuru mtoto aache kutia pumzi. Mtoto wa miaka minne anayesema kwamba mwenzake yuwateka, akajibiwa na mwalimu "anateka nini, maji?", hajifunzi Kiswahili sanifu kwa jibu hilo. Anajifunza kwamba sikio lake si la kuaminiwa, kwa maana yeye alizisikia t mbili na mwalimu akamhakikishia kwamba ni moja. Na kusoma kwa herufi ni kazi ya sikio kabla ya kuwa kazi ya jicho. Mtoto aliyenyang'anywa imani ya sikio lake hubaki na njia moja tu, nayo ni kukariri. Kucheka atafunzwa kwa wakati wake, kama neno la pili la jambo alilo nalo tayari, na atakuwa tajiri zaidi kwa neno moja.

Pingamizi la tatu ni la vifaa: kwamba mchezo ni anasa ya shule zenye fedha. Mombasa yenyewe imelijibu. Katika miaka ya 1980 mradi wa shule za awali za madrasa ulioungwa mkono na Wakfu wa Aga Khan ulianza mjini humo, mwalimu Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi wake, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Ulitumia vifaa vinavyopatikana mahali pale pale, ukaunganisha mafunzo ya dini, nyimbo na mchezo. Mchezo wa silabi ni rahisi zaidi kuliko hayo. Kombe moja mchangani kwa kila silabi. Hatua moja kwa kila silabi. Kofi moja kwa kila silabi. Katika vyuo vya ng'ambo, ambako mwandishi wa makala haya alisomea shahada yake ya pili, mpumuo huonyeshwa kwa kushika kipande cha karatasi mbele ya midomo: ikitikisika, konsonanti ina pumzi. Mtoto wa Shelly Beach hahitaji karatasi. Aweke kiganja mbele ya kinywa, aseme kaa, kisha aseme k'aa, naye atajua kwa ngozi yake jambo ambalo kitabu chake hakimwonyeshi.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba michezo ya lugha ya watoto si pambo la fasihi simulizi, bali ni elimu ya sauti iliyo kamili kwa umri wake: ina kipimo, ina kanuni, na ina wakosoaji wasiosamehe. Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwaka wa kwanza wa chekechea uwe wa silabi, kwa makofi, hatua na kinyume, na herufi zije baada ya mtoto kuzoea kulivunja neno kwa mdomo. Pili, walimu wanaotayarishwa kufundisha pwani wafunzwe sauti za Kimvita na za Kidigo, si ili wazisomeshe, bali ili wasizisahihishe. Tatu, na hili latuhusu sisi zaidi, michezo hii ikusanywe upya kwa sauti na kwa alama za matamshi, pamoja na makofi na hatua zake, kwa kuwa mkusanyo wa maneno matupu umekwisha kutupotosha.

Kazi hiyo ya tatu haihitaji safari ndefu. Wanafunzi wetu wengi ni wenyeji wa mwambao, na michezo hii waliicheza wenyewe si miaka mingi iliyopita. Wapewe kinasa sauti na mafunzo ya fonetiki, watumwe Likoni, Kisauni na Changamwe wakati wa likizo, na wakirudi tuanze kuyasahihisha yale yaliyoandikwa katika vitabu vyetu juu ya vitanza ndimi.